Kitabu chembamba kwanza: jinsi ya kuanzisha kikundi cha marafiki cha kusoma fasihi ya Walatino

Kikundi chetu cha kwanza kilikufa baada ya vikao viwili. Tulikuwa wanane, tukachagua riwaya nene ya kurasa zaidi ya mia nne, tukajipa mwezi mmoja. Siku ilipofika, walioimaliza walikuwa wawili. Sisi sita wengine tulikula, tukasifia wali, tukaulizana mapishi, tukaagana. Kikao cha pili hakuna hata aliyejisumbua kudanganya kwamba amesoma. Cha tatu hakikuitishwa.

Hiki cha sasa kina mwaka wa nne, na hakijawahi kuruka mwezi isipokuwa Desemba, ambayo nitaieleza. Tuko saba hapa Chicago. Wengi wetu tulijuana kazini, zamu ya usiku, mahali ambapo Kiswahili na Kihispania husikika kuliko Kiingereza mpaka mabosi wanapoingia asubuhi. Mimi ni Mtanzania. Yupo kaka mmoja wa Bukavu, dada mmoja wa El Salvador, Mpuerto Rico mmoja, na ndugu wawili waliozaliwa hapa hapa kwa wazazi wa Meksiko, pamoja na mama yao mzazi ambaye alikuja siku moja kutuletea chakula akakaa moja kwa moja.

Nilikuwa nimesoma waandishi wa Kolombia na Chile tangu chuo. Lakini watu ninaokunywa nao kahawa saa tisa ya usiku, watoto na wajukuu wa wahamiaji, sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja walioandika wao. Kikundi kilianzia hapo. Haya ninayoyaeleza yatamfaa yeyote anayetaka kufanya hivyo na marafiki zake, awe Minneapolis, Toronto au Mombasa.

Hatua ya 1: Kubalianeni Mlatino ni nani

Msiporuka hatua hii mtaepuka ugomvi wa miezi sita. Kuna fasihi ya Amerika ya Kilatini, yaani ya waandishi wa kule kwao, wengi wakiandika kwa Kihispania au Kireno. Na kuna fasihi ya Walatino wa Marekani: watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Jamhuri ya Dominika, El Salvador na kwingineko, wanaoandika wakiwa Marekani, mara nyingi kwa Kiingereza chenye Kihispania ndani yake. Zinahusiana kama binamu, lakini si nyumba moja. Atakayekuja akitegemea kusoma Gabriel García Márquez wa Kolombia atashangaa kukuta hadithi ya msichana wa mtaani Chicago ambaye bomba la maji la kwao limepasuka.

Neno lenyewe nalo lina mitego. Mbrazili ni Mlatino lakini hazungumzi Kihispania. Mtu wa Madrid anazungumza Kihispania lakini si Mlatino. Mpuerto Rico anaweza kukukatalia kabisa ukimwita mhamiaji, na ana haki: kisiwa chao kilichukuliwa na Marekani mwaka 1898, na tangu 1917 wao ni raia. Akipanda ndege San Juan kuja Chicago ni kama wewe kupanda basi kutoka Tanga kwenda Mbeya, isipokuwa lugha na baridi.

Amueni pia kama mtasoma vitabu vinavyowahusu Walatino vilivyoandikwa na watu wengine. Mwanzoni mwa 2020 riwaya moja ya namna hiyo, ya mama wa Meksiko anayekimbia na mwanawe, ilichaguliwa na Oprah Winfrey kwa klabu yake ya vitabu, na waandishi wengi Walatino wakaipinga kwa nguvu, mpaka mchapishaji akafuta ziara ya mwandishi. Sisi tulijiwekea kanuni moja tu: mwaka wa kwanza, kalamu iwe ya Mlatino. Baada ya hapo tutabishana. Mpaka leo tunabishana.

Hatua ya 2: Watu, siku, mahali

Watano mpaka wanane wanatosha. Wakizidi hapo, wawili wanaongea na wengine wanageuka wasikilizaji wa redio. Siku isibadilike: sisi ni Jumapili ya pili ya mwezi, saa kumi jioni, kwa sababu hakuna aliye zamuni saa hiyo. Nyumba inazunguka kwa zamu. Asiye na nafasi nyumbani kwake asilazimishwe kusema kwa nini; maktaba za mitaa zina vyumba vya mikutano vya bure, unajiandikisha tu mapema.

Hatua ya 3: Chagueni kitabu cha kwanza kwa kuhesabu kurasa

Hapa ndipo vikundi vingi hufa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kitabu cha kwanza hakichaguliwi kwa umaarufu wala kwa tuzo. Kinachaguliwa kwa swali moja: je, yule mwenzetu mwenye kazi mbili na mtoto mchanga atakimaliza? Akimaliza yeye, wote watamaliza, na watu waliomaliza kitabu pamoja hurudi.

Sisi tulianza na The House on Mango Street cha Sandra Cisneros, na kama ningeanza upya leo ningeanza nacho tena. Kilitoka mwaka 1984 kwa Arte Público Press, wachapishaji wa Houston ambao kazi yao hasa ni vitabu vya Walatino. Cisneros alizaliwa Chicago mwaka 1954, binti pekee kati ya watoto saba. Kitabu kina sura 44, nyingi hazizidi kurasa mbili, na chote ni kurasa mia moja na kidogo. Unaweza kusoma sura moja ukingoja basi, nyingine maji ya chai yakichemka. Msimulizi ni msichana anayeitwa Esperanza, familia imehamia nyumba ambayo si ile waliyoahidiwa, na kila sura ni kama dirisha la jirani mmoja.

Msidanganyike na wembamba wake. Kuna sura za kupigwa, za kuozwa mapema, za mwanamume anayemfungia mke ndani. Mwandishi hazipigii kelele. Anakuambia kwa sauti ya mtoto, halafu anaendelea na sura nyingine. Kaka yetu wa Bukavu alisema alisoma sura moja mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza hakuona kilichotokea.

Na kuna sura ya jina. Esperanza anasema jina lake kwa Kiingereza maana yake ni matumaini, lakini kwa Kihispania ni herufi nyingi mno, ni huzuni, ni kungoja. Tulipofika hapo mama wa Kimeksiko akatufafanulia kwamba kwao kitenzi kimoja, esperar, ndicho kungoja na ndicho kutumaini. Nikawaambia kwetu tumevigawa: yupo Tumaini na yupo Subira, na wanaweza kuwa dada wawili wa nyumba moja. Kisha kila mtu akaeleza jina lake lilikotoka. Yupo aliyepewa jina la bibi, yupo aliyezaliwa wakati wa vita akaitwa hivyo hivyo, yupo ambaye jina lake lilikosewa na karani wa kituo cha uhamiaji na mpaka leo ndilo lililo kwenye leseni yake ya udereva. Ilikuwa saa nne usiku tulipotazama saa. Sura yenyewe ina kurasa mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: vitabu vitatu vya mwanzo visizidi kurasa mia mbili kila kimoja. Vinene vipo, ni vizuri, na zamu yake itafika.

Hatua ya 4: Pateni nakala bila kuumia

Kadi ya maktaba ni ya kwanza. Ukiwa Marekani, maktaba nyingi hukuazima kitabu cha kusoma kwenye simu na cha kusikiliza kupitia programu ya Libby, bila malipo. Baadhi zina mifuko iliyotayarishwa kwa vikundi, ndani yake nakala kadhaa za kitabu kimoja, waulize wakutubi. Wekeni oda mapema, maana kati ya 15 Septemba na 15 Oktoba, ambao huku ni mwezi wa kuadhimisha urithi wa Walatino, vitabu hivi huwa na foleni.

Ulizeni kila mmoja anasoma lugha gani kwa raha. Mama yetu wa Kimeksiko hasomi Kiingereza. Kwa bahati Mango Street kimetafsiriwa kwa Kihispania na Elena Poniatowska, ambaye mwenyewe ni mwandishi mkubwa wa Meksiko, na hiyo ndiyo aliyosoma. Kikao kile yeye alikuwa na nakala nyekundu iliyochakaa, sisi za Kiingereza, na mara tatu tuligundua kwamba sentensi yake ina kitu ambacho yetu haina. Tunamwita doña mbele ya jina lake, kama tungemwita Bibi au Mama nyumbani. Mimi na kaka wa Bukavu tukiingia tunampa shikamoo. Siku hizi anajibu marahaba bila kukosea, na huwasuta wanawe kwamba wageni wana adabu kuliko wao.

Kitabu kingine kinachofaa nyumba ya lugha mbili ni cha Tomás Rivera, mtoto wa vibarua wa mashambani kutoka Crystal City, Texas: ...y no se lo tragó la tierra, cha mwaka 1971. Yapo matoleo yenye Kihispania na Kiingereza ndani ya jalada moja. Ni chembamba pia. Kinahusu mwaka mmoja wa mvulana wa familia zinazofuata mavuno kutoka Texas kwenda kaskazini, na dada yetu wa Kimeksiko alitua kitabu katikati akasema babu yake alifanya kazi hiyo hiyo na hakuwahi kuisimulia.

Kama mko mbali na maktaba hizi, nakala moja ya Mango Street inatosha kikundi kizima. Sura ni fupi kiasi kwamba mnaweza kusomeana kwa sauti, kumi na moja kila kikao, na baada ya vikao vinne mmemaliza. Wala si njia ya umaskini. Sisi tuna nakala za kutosha na bado tunasomeana.

Hatua ya 5: Msiogope maneno msiyoyajua

Waandishi hawa huchanganya lugha. Sentensi inaanza Kiingereza, inaishia Kihispania, na hakuna mabano ya kukueleza. Junot Díaz, mzaliwa wa Santo Domingo aliyekulia New Jersey, hataki hata maneno ya Kihispania yalazwe kwa herufi za mteremko, kwa sababu kinywani mwa wahusika wake hayajalazwa. Riwaya yake ya 2007 ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata ikiwa imejaa maneno hayo. Gloria Anzaldúa, katika kitabu chake cha 1987 juu ya maisha ya mpakani, anavuka lugha katikati ya aya kama mtu anavyovuka barabara ya kwao.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kutishika. Aliyepanda matatu Nairobi akaisikia Sheng, au aliyesikiliza watoto wa Lubumbashi wakitia Kifaransa kwenye Kiswahili, ameshazoea kuelewa maana kabla ya neno. Soma ukurasa mpaka mwisho kwanza. Neno likirudi mara ya tatu ndipo uliandike. Sisi tuna mtunza maneno, kazi ya kupokezana: anakuja na orodha ya maneno yasiyozidi kumi, mnayapitia kwa dakika tano, basi. Kwenye orodha hizo ndipo tulipogundua kwamba meza yetu ni mesa yao, bendera ni bandera, na sukari ni azúcar. Mbili za kwanza tuliachiwa na Wareno, ya tatu sote tuliipata kwa Waarabu, kila mmoja kwa pwani yake.

Sasa kuna jambo ambalo mimi nililikosea. Yule kijana wa Kimeksiko, kila neno la Kihispania likitokea nilikuwa namgeukia yeye. Akawa anajibu kwa mkato. Kumbe Kihispania chake ni cha jikoni tu: anaelewa mama akimgombeza, lakini hawezi kukisoma kwa raha, na ana aibu nayo tangu utoto, maana shuleni walimcheka kwa lafudhi na Meksiko binamu walimcheka kwa kukosa lugha. Walatino wengi waliozaliwa Marekani wako hivyo. Ningepaswa kujua. Mwanangu mwenyewe naye namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, halafu mbele ya wageni namwambia "wasalimie" na kumwona anavyotamani ardhi impasukie.

Tangu hapo swali la lugha linatupwa mezani, halitupiwi mtu.

Hatua ya 6: Endesheni kikao chenyewe

Saa mbili zinatosha. Nusu saa ya kwanza ni ya kula na umbea. Ukijaribu kuikata, umbea utahamia katikati ya mazungumzo ya kitabu.

Kisha dakika kumi za historia. Mtu mmoja, ambaye si wa nchi inayohusika, anaeleza kile ambacho mwandishi anadhani msomaji anakijua. Kabla ya kusoma kitabu chochote cha Wamarekani wenye asili ya Meksiko, kwa mfano, lazima mjue mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848, ambao uliikabidhi Marekani eneo kubwa la kaskazini mwa Meksiko, California ikiwemo. Watu walilala Wameksiko wakaamka Marekani bila kuhama kitanda. Ndiyo maana wana msemo kwamba wao hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka. Kaka wa Bukavu aliposikia hivyo alicheka peke yake muda mrefu, kisha akatuchorea kwenye karatasi ya kufutia mikono jinsi ukoo wa mama yake ulivyogawanywa na mstari wa wazungu.

Baada ya historia, kusoma kwa sauti. Kila mtu anachagua aya moja, anaisoma, halafu ananyamaza. Haelezi kwa nini ameichagua. Wengine ndio wanaokisia. Kaujanja haka kadogo ndiko kalikotuokoa na hotuba. Msemaji sana naye anabanwa na aya yake, mnyamavu naye anakuwa amesema.

Ndipo maswali. Msichapishe yale ya mwishoni mwa kitabu, yamekaa kishule. Maswali matatu hutufaa karibu kila mara. Nani kwenye kitabu hiki hapewi nafasi ya kusema? Ni jambo gani mwandishi amelificha kwa watu wa nje, na ameliacha wazi kwa watu wake? Na: ungemkaribisha nani kati ya hawa nyumbani kwako, na ungempikia nini? La mwisho linaonekana la mzaha, lakini ndilo linalofichua nani alisoma kweli.

Hatua ya 7: Msimgeuze mtu balozi

Akiwapo Mkuba mmoja kikundini, haina maana anaijua Kuba yote, wala kwamba familia yake iliondoka kwa sababu ileile iliyomo kitabuni. Mnajua wenyewe inavyochosha kuulizwa na mtu wa Ohio kama unamfahamu rafiki yake aliye Kenya. Swali la "ninyi huko mnafanyaje" lipigwe marufuku. "Kwenu ilikuwaje?" linaruhusiwa, na mtu anaruhusiwa kulikataa.

Kuna kanuni moja ambayo hatuitanii: hakuna kuulizana karatasi za uhamiaji. Vitabu hivi vimejaa safari, jangwa, mahakama za uhamiaji. Mtu atasimulia akitaka. Yanayosemwa sebuleni yanabaki sebuleni, hayaendi kwenye kundi la WhatsApp, na hakuna kupiga picha kikao kikiendelea. Walio Marekani hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Hatua ya 8: Pangeni mwaka

Baada ya vyembamba vitatu mna miguu. Sasa mnaweza kupanda.

Mashairi yaingie mapema. The Poet X cha Elizabeth Acevedo, kilichopata tuzo ya taifa ya vitabu vya vijana mwaka 2018, kinaonekana kinene lakini ni riwaya ya mashairi, kurasa zina nafasi nyeupe nyingi, na kwenye kitabu cha kusikiliza mwandishi ndiye anayesoma. Ni binti wa Kidominika wa Harlem mwenye mama mcha Mungu kupita kiasi. Aliyelelewa na mama wa kanisani au wa madrasa atajiona.

Wekeni In the Time of the Butterflies cha Julia Alvarez, cha 1994, kwenye mwezi wa Novemba, na mkianze mwezi mmoja kabla kwa sababu ni kirefu. Ni riwaya iliyojengwa juu ya dada wa Mirabal wa Jamhuri ya Dominika, waliompinga dikteta Trujillo wakijulikana kwa jina la siri la Vipepeo. Watatu kati yao, Patria, Minerva na María Teresa, waliuawa tarehe 25 Novemba 1960. Miezi sita baadaye Trujillo naye aliuawa. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa uliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake. Nyumbani nimeshiriki maandamano ya Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, nimevaa fulana, nimebeba bango, na sikuwahi kujiuliza kwa nini zinaanza 25 Novemba. Nilikuja kujua nikiwa kwenye kochi la Mpuerto Rico, kitabu mkononi.

Kwa habari ya safari zenyewe tulisoma viwili mfululizo. Kwanza insha fupi ya Valeria Luiselli, Tell Me How It Ends, ya 2017. Alikuwa mkalimani wa kujitolea wa watoto katika mahakama ya uhamiaji New York, na kitabu kimepangwa kwa kufuata maswali arobaini ya fomu waliyokuwa wakijaziwa watoto hao. Kisha Solito cha Javier Zamora, cha 2022, kumbukumbu za safari yake kutoka El Salvador mwaka 1999 akiwa na miaka tisa, bila wazazi. Utaratibu huo ni wa makusudi: kwanza unaona fomu, halafu unamwona mtoto. Solito ni kinene, tulikigawa vipande vitatu. Dada yetu wa El Salvador ndiye aliyekipendekeza na ndiye pekee aliyekosa kikao chake cha mwisho. Hatukumuuliza. Mwezi uliofuata alirudi na pupusa, ile mikate ya unga wa mahindi yenye maharage na jibini ndani, na kuuliza tunasoma nini.

Wenye hamu ya mambo ya kiroho na waganga wapelekeni New Mexico kwa Rudolfo Anaya, Bless Me, Ultima, ya 1972. Bibi mwenye dawa za miti shamba anahamia kwenye nyumba ya mvulana, na bundi wake anamfuata. Kwa watu wetu bundi kwenye paa ni habari mbaya. Humu ni mlinzi. Hapo peke yake palitula nusu saa. Oscar Hijuelos, Mlatino wa kwanza kupata Pulitzer ya riwaya, mwaka 1990, tumemwahirisha mara mbili kwa sababu ya unene. Mnaona ninavyoshika kanuni yangu.

Hatua ya 9: Fedha na chakula

Dola tano kwa mwezi, kwa anayeweza, ndani ya bati la biskuti. Zinanunua nakala za kukopeshana. Chakula ni cha mwenye nyumba, na wengine huleta kimoja kimoja. Msilazimishe chakula kifanane na kitabu. Ilitushinda haraka, na si kila Mlatino anakula pilipili. Lakini kubalini mkutano wa majiko ukija wenyewe. Sambusa na empanada zilipowekwa sahani moja hakuna aliyejua aanze na ipi, na ndizi mbichi za kukaanga za Puerto Rico, zilizopondwa katikati ya kukaangwa mara mbili, nimezihamishia kwangu bila kuomba kibali.

Desemba hatusomi. Mama wa Kimeksiko alitutangazia mwaka wa kwanza kwamba mwezi huo ni wa tamales, na tamales hazipikwi na mtu mmoja. Tunakwenda kwake Jumapili asubuhi. Unga ni wa mahindi yaliyochemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, kwa hiyo harufu yake si ya sembe yetu. Unaupaka kwenye ganda kavu la hindi, unatia nyama, unakunja, unapanga kwenye sufuria ya mvuke. Mimi nimepewa kukunja tu, kupaka bado sijaaminiwa. Vitabu vya mwaka mzima vinawekwa kwenye kochi, na kila mtu anaondoka na kimoja ambacho si chake. Wakati sufuria inachemka tunapiga kura ya Januari kwa vipande vya karatasi ndani ya bati lile lile la biskuti. Kila mtu anaandika jina la kitabu, na chini yake idadi ya kurasa. Kinachozidi mia mbili doña anakitoa mwenyewe, bila kukisoma jina.